Ziwa liko katikati ya jangwa, kiwanda hamna hata kimoja. Metali nzito kama risasi na aseniki zimefikaje humo?

#1 Mtoto wa Keko
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu anaendesha greda kwenye kazi ya barabara huko Lodwar, kaskazini mwa Kenya. Kaja likizo Dar na kiroba cha samaki wakavu wa Ziwa Turkana, sato waliopasuliwa mgongoni, wakavu mpaka ukiwagonganisha wanalia ko ko. Mke wangu kagoma kuwapika. Anasema kasikia redioni kwamba maziwa ya jangwani yana metali nzito: risasi, aseniki, zebaki, kadimi, na kwamba vitu hivyo havitoki mwilini kirahisi.

Dogo anasema ukitoka Lodwar mpaka ziwani unakutana na mbuzi, ngamia na upepo. Ukiniambia Msimbazi una metali nzito nitakuelewa, pale kila mtu anamwaga lake. Jangwani nani kamwaga? Wataalamu tusaidieni, kiroba kiko stoo.

#2 Chifu Kipara
Nashusha nanga. Wakati tunasubiri wataalamu, lete hicho kiroba Kurasini nikifanyie uchunguzi wa awali. Ugali na pilipili ninavyo.

#3 Mwl. Jiografia
Siyo chai mkuu. Jambo la kwanza, Ziwa Turkana halina mlango wa kutokea. Victoria linatoa maji kwa Nile, Tanganyika kwa Lukuga, Nyasa kwa Shire. Turkana linapokea tu. Mto Omo kutoka Ethiopia unaleta kama asilimia 80 hadi 90 ya maji yake, Turkwel na Kerio inaongezea kidogo, na yote yanaishia juani. Jua la kule linanyanyua zaidi ya mita 2 za maji kwa mwaka. Kinachopaa ni maji matupu. Chumvi, floraidi na chembe za metali ambazo mto umezisomba kwenye miamba ya volkano zinabaki palepale, na mwakani zinaongezwa nyingine.

Kama huamini kwamba kiwanda si lazima, tazama Mono Lake kule California, Marekani. Ziwa la nchi kavu, halina mlango, na maji yake yana aseniki kama miligramu 15 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi 0.01. Piga hesabu mwenyewe. Hakuna aliyekwenda kuimwaga, imetoka kwenye miamba na chemchemi za moto.

#4 Mama Ntilie wa Tandika
Kumbe ni mchuzi uliosahaulika jikoni. Maji yanapungua, chumvi inabaki ileile mpaka haulambiki. Sasa mwalimu, huyo samaki naye kalowa humo humo au vipi?

#5 Shahidi wa Mwisho
Mwalimu umefundisha vizuri ila unaipa miamba kesi ya binadamu. Juu ya Omo kuna bwawa la Gibe III, lilizinduliwa 2016, na bondeni kuna mashamba makubwa ya miwa. Mbolea ya fosfeti inakuja na kadimi ndani yake, hilo linajulikana dunia nzima. Maji ya shambani yanarudi mtoni, mto unaingia ziwani. UNESCO wenyewe 2018 waliziingiza hifadhi za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Na tangu bwawa lifungwe ziwa linakauka kila mwaka, metali zinajikusanya zaidi. Miamba ilikuwepo miaka milioni, mbona kelele zimeanza juzi?

#6 Greda Lodwar
Mimi ndiye huyo dogo mwenye kiroba. Kaka kaniambia kuna watu wanataka kunilia samaki zangu, nimekuja kuzilinda.

@Shahidi wa Mwisho hapo kwenye kukauka umeteleza. Maji yalishuka kipindi wanajaza bwawa, ni kweli, lakini kuanzia 2019 na 2020 yamepanda vibaya. Kuna watu wamehama, miti imesimama ndani ya maji. Ukiuliza wenyeji wanakwambia ziwa limekuja kudai eneo lake.

Mambo ya metali sijui. Ninachojua, ukinawa yale maji mkono unateleza, sabuni huihitaji sana. Ukiyaonja yana ladha ya magadi. Watu wanayanywa wakikosa pengine, ila wengi wanachimba mashimo kwenye mchanga wa mto mkavu na kuchota kwa kikombe, taratibu, ndoo inachukua nusu saa kujaa. Meno ya wengi yana rangi ya kahawia.

#7 Mmeru wa Tegeta
Meno ya kahawia hayo ni floraidi, usitafute metali hapo. Sisi tuliokulia Arumeru tunatambuana kwa meno hata kwenye daladala. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania tulikaa miaka mingi na 4 kwa sababu tungefuata ile 1.5 vyanzo vingi vya kaskazini vingefungwa. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti cha kuondoa floraidi, wanatumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Kuchemsha hakusaidii. Unapunguza maji, floraidi inabaki, kwa hiyo umeizidisha. Na metali ni hivyo hivyo. Mchuzi wa @Mama Ntilie wa Tandika.

#8 Chifu Kipara
Kwa hiyo yale matabasamu ya mdomo umefumba kwenye picha zako za sendoff ni sababu ya floraidi? Nilidhani ni maringo.

#9 Mmeru wa Tegeta
Ni vyote viwili.

#10 Mzee wa Feri
Vijana, niko soko la samaki Feri tangu wengi wenu hamjazaliwa. Mnatazama mbali, mto, miamba, Ethiopia. Tazameni nyavu. Chubwi, vile vizito vya kuzamishia wavu, ni risasi. Hapa pwani na kule kwenye maziwa, mvuvi mdogo hanunui chubwi dukani. Anachukua betri mbovu ya gari, anaivunja, anatoa zile sahani, anaziyeyusha kwenye kopo la maziwa juu ya moto wa kuni, anamimina kwenye tundu alilochimba mchangani. Ikipoa anaifunga kwenye wavu. Watoto wanazunguka wanaangalia, moshi unawapiga usoni. Wavu ukikatika, chubwi inabaki chini. Zidisha kwa mitumbwi yote na miaka yote. Halafu mnaniuliza risasi imefikaje ziwani.

#11 Binti Maabara
Shikamoo Mzee wa Feri. Hilo la kuyeyusha betri ni la hatari kweli, lakini anayedhurika kwanza ni anayeyeyusha na wale watoto, kupitia moshi na vumbi. Chubwi ikishazama kwenye maji ya magadi inajivika ganda la kaboneti na inayeyuka polepole mno.

Ndipo nilipotaka kufika. Hapa watu wanaongea "metali nzito" kana kwamba zote zina tabia moja. Maji ya Turkana yana pH (kipimo cha uchachu na umagadi) ya juu ya 9 na yamejaa kaboneti. Risasi, shaba na kadimi katika maji ya namna hiyo zinaganda, zinajishika kwenye chembe za udongo, zinazama. Ukipima maji unakuta kidogo, ukipima tope la chini unakuta zaidi. Aseniki ni kinyume chake: kadiri maji yanavyozidi magadi ndivyo inavyouachia udongo na kubaki imeyeyuka. Ndiyo maana Mono Lake ya mwalimu inasifika kwa aseniki, haisifiki kwa risasi. Kwahiyo anayesema "ziwa lina metali" aulizwe ipi, na ya kwenye maji, tope au minofu.

Na aulizwe sampuli ilichukuliwaje. Chupa inalowekwa kwenye asidi usiku kucha na kusuuzwa. Ziwani unachuja maji kwenye kichujio chenye matundu ya mikromita 0.45, ndipo unadondoshea asidi ya nitriki mpaka pH ishuke chini ya 2. Ukisahau asidi, metali zinajibandika kwenye kuta za chupa, majibu yanatoka masafi, watu wanashangilia. Ukitia asidi kabla ya kuchuja, lile tope linaachia kila kitu na majibu yanatoka ya kutisha. Mimi nimeshaletewa "sampuli ya kisayansi" kwenye chupa ya soda, ukiifungua inanukia pasheni.

Halafu chumvi yenyewe inadanganya mashine. Zile za kisasa zinatambua kitu kwa uzito wa atomu. Klorini ya kwenye chumvi ikiungana na gesi ya agoni inayotumika ndani ya mashine, zinatoa uzito wa 75, ambao ndio uzito wa aseniki. Asiyejua kurekebisha hilo anaandika aseniki ambayo haipo.

#12 Shahidi wa Mwisho
Kwa hiyo dada unatuambia kila ripoti ni batili? Ndivyo wenye mabwawa wanavyopenda kusikia.

#13 Binti Maabara
Sijasema batili. Nimesema tusome sehemu ya "jinsi tulivyopima" kabla ya kukimbilia namba.

#14 Mbeba Boksi wa Magomeni
Nipo California, nilishapita Salton Sea na lori la kazini. Harufu unaipata kabla hujaliona, yai viza. Ufukweni unadhani unakanyaga mchanga mweupe, kumbe ni mifupa ya samaki na magamba ya vikonokono. Samaki wenyewe ni sato, ukoo wa kwetu huko Afrika, walipelekwa wakazaliana. Agosti 1999 walikufa kama milioni 7.6 kwa siku moja.

Ni ziwa la jangwani kabisa na wanasema lina seleni, madini yenye sumu yakizidi, na aseniki kwenye tope.

#15 Shahidi wa Mwisho
Umeona? Milioni saba kwa siku. Metali hizo.

#16 Mwl. Jiografia
Hapana. Wale walikosa hewa. Mbolea ya mashamba ya bonde la Imperial, jirani na ziwa, inalisha mwani, mwani ukifa na kuoza unamaliza oksijeni, upepo ukikoroga maji ya chini yenye salfaidi ndiyo hiyo harufu ya yai. Metali haziui samaki milioni saba kwa siku moja, zenyewe zina kazi ya taratibu.

Na Salton Sea si ziwa la asili katika umbo lake la leo. 1905 mto Colorado ulivunja mfereji wa umwagiliaji, ukamwagika bondeni mpaka 1907. Tangu hapo linaishi kwa maji yanayotoka mashambani. Kwa hiyo hapo @Shahidi wa Mwisho nakupa nusu: seleni ya kule asili yake ni miamba, lakini anayeisafirisha mpaka ziwani ni mkulima.

#17 Shahidi wa Mwisho
Nusu naipokea. Ongezea Kesterson, hiyohiyo California. Mabwawa ya maji ya mashambani, 1983 wakakuta vifaranga wa ndege wanatoka kwenye mayai hawana macho, midomo imepinda. Seleni. Udongo ulikuwa na seleni yake kimya kimya, mtu kaumwagilia, kaiamsha. Sasa nionyeshe tofauti ya hapo na miwa ya Omo.

#18 Mwl. Jiografia
Tofauti ni udongo. Ule wa California unatokana na mashapo ya bahari ya kale yenye seleni nyingi. Bonde la Omo ni volkano kwa sehemu kubwa. Huwezi kuhamisha jibu la kule ukalibandika huku.

#19 Shahidi wa Mwisho
Na wewe Mono Lake umeihamisha kwa usafiri gani?

#20 Chifu Kipara
Hahahaha. Mwalimu kakaa.

#21 Mchimba Kokoto
Mnasahau zebaki. Nimekaa machimbo ya Geita kabla sijaja Dar. Mawe yakitoka duarani, yaani shimoni, yanapita karasha ya kusagia, unga unaoshwa kwenye mwalo, halafu unakamatisha dhahabu kwa zebaki kwa mikono mitupu, unaminya kwenye kitambaa, kile kidonge unakichoma kwenye kikaango. Zebaki yote inakwenda juu. Tulikuwa tunachoma nyuma ya nyumba huku tunapiga stori. Inakokwenda baada ya hapo hatukuwahi kujiuliza.

Baadaye kuna mtaalamu alitueleza kwamba ule mvuke unaweza kusafiri nchi na nchi kabla haujashuka na mvua. Kwa hiyo ziwa la jangwani lisilo na mgodi linaweza kupata zebaki kutoka angani. Mwalimu, hilo linawezekana?

#22 Mwl. Jiografia
Linawezekana kabisa. Zebaki ndiyo metali inayosafiri kwa hewa kuliko nyingine zote, ndiyo maana ikatungiwa mkataba wake wa dunia nzima, ule wa Minamata, ulioanza kazi 2017. Nchi yetu imo.

Wapo pia walioimwaga mlangoni. Nevada, machimbo ya fedha ya Comstock yaliyogunduliwa 1859 yalipoteza maelfu ya tani za zebaki kwenye mto Carson, nao unaishia jangwani bila kuiona bahari. Zaidi ya miaka 150 baadaye watu bado wanaonywa kula samaki wa huko.

#23 Binti Maabara
Kwenye zebaki kuna fumbo linanikosesha usingizi. Great Salt Lake, Utah. Chini ya ziwa kulikuwa na tabaka la chumvi kali lisilo na oksijeni, na bakteria wa humo waligeuza zebaki ya kawaida kuwa ile ya methili inayoingia mwilini. 2005 wawindaji wakaambiwa wasile baadhi ya aina za bata. Maelezo yakaonekana yamekamilika: tabaka la chini, wadudu wa majini, bata.

Halafu tuta la reli linalokata ziwa, lilijengwa 1959, likazibwa mapito yake ya maji 2012 na 2013. Tabaka la chini likatoweka, zebaki ya methili kule chini ikashuka kwa karibu asilimia 90. Mngetegemea bata nao washuke. Hawakushuka. Wengine wakasema bata wanaipata kwenye vinamasi vya pembeni, wengine wakasema wanakuja nayo kutoka wanakohama.

#24 Mama Ntilie wa Tandika
Bata wa watu wanaweza kuwa walikula njiani jamani, mbona rahisi.

Mimi swali langu #4 bado halijajibiwa. Samaki analiwa au haliwi?

#25 Binti Maabara
Samahani mama. Samaki wa Turkana walishapimwa zebaki miaka ya mwanzo ya 2000, na wengi walikuwa chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kinachotumika sana kimataifa. Kanuni ya zebaki ni kwamba mkubwa anayekula wenzake anabeba zaidi, kwa hiyo sangara mzee ana mzigo kuliko sato anayekula mwani. Hao wa kirobani ni sato. Risasi na kadimi hupenda kukaa kwenye maini, figo, mashavu na mifupa kuliko minofu.

Ila samaki waliokaushwa chini mchangani ni habari nyingine. Dogo, wanakaushia wapi?

#26 Greda Lodwar
Wengine kwenye vichanja, wengine chini kwenye mchanga au kwenye turubai. Upepo wa kule hauombi ruhusa, vumbi linaingia mpaka kwenye injini. Hawa wangu nilinunua kwa mama mmoja mwenye kichanja.

#27 Mbeba Boksi wa Magomeni
Vumbi usilidharau. Owens Lake huku, Los Angeles walichukua mto wake kuanzia 1913, kufika katikati ya miaka ya 1920 ziwa limekauka. Zile chumvi zote za chini zikabaki wazi, zikawa vumbi lenye aseniki ndani yake, wakazi wa bondeni wanalivuta. Jiji limemwaga hela nyingi sana kulifunika kwa kokoto, majani na maji. Ziwa likiwa na maji sumu imelala. Likikauka inatembea.

#28 Shahidi wa Mwisho
Na hapo ndipo narudi Omo. Miaka hii maji yamepanda sawa. Siku yakishuka mwambao wote ule ni vumbi.

#29 Kisima Kirefu
Wakuu nipo nje ya mada kidogo. Mimi nachimba visima Kigamboni na Mbagala. Wateja wananiuliza maji ya chumvi yana metali? Nawajibu chumvi ni ya bahari. Nakosea?

Halafu kuhusu Turkana, si ndiko walikotangaza 2013 kwamba wamekuta bahari ya maji chini ya ardhi, Lotikipi? Iliishia wapi?

#30 Mwl. Jiografia
Walipochimba kupima wakakuta yana chumvi kupita kiasi. Tangazo lilikuwa kubwa kuliko kisima.

#31 Binti Maabara
@Kisima Kirefu usimjibu mteja kwa ulimi. Ladha ya chumvi haikwambii chochote kuhusu aseniki, yenyewe haina ladha wala harufu. Mwambie apime, na usimpe chupa ya soda.

#32 Mama Ntilie wa Tandika
Basi mimi kwa ziwa la jangwa nimeelewa. Ila mmesema magadi mara nyingi mpaka nimeshtuka. Mimi natia magadi kwenye maharage na kisamvu kila siku ili viive haraka, mkaa bei juu. Magadi ya Natron na ya huko kaskazini si ndiyo hayo hayo ya kwenye maziwa yasiyo na mlango?

#33 Mmeru wa Tegeta
Ndiyo hayo hayo mama. Kilimanjaro na kwetu walishatafiti watoto wenye meno ya madoa kwenye vijiji ambavyo maji yake hayana floraidi nyingi, magadi ya kupikia yakatajwa kuwa sababu mojawapo. Jua linakausha ziwa, kila kilichomo kinaganda humo, sisi tunakiokota na kukitia kwenye sufuria.

#34 Mama Ntilie wa Tandika
Mnanitia hasara. Nitaloweka maharage usiku.

#35 Chifu Kipara
Maharage ya kulowekwa bei ileile au umepandisha?

#36 Mgeni Njiani
Samahani wakuu, nimesoma mpaka hapa. Vipi wale heroe waliokuwa wanakufa kwa maelfu kwenye maziwa ya Nakuru na Bogoria, Kenya, miaka ya 90? Nilisoma kwamba ni metali kutoka mjini.

#37 Mwl. Jiografia
Metali za mjini Nakuru zilishutumiwa, ndiyo.

#38 Binti Maabara
Na wengine wakakuta sumu ya mwani, kwenye ziwa na kwenye utando wa chemchemi za moto za Bogoria wanakokunywa na kuoga. Na wengine wakakuta wana maambukizi ya jamii ya kifua kikuu. Bogoria haina mji wa kuisingizia.

#39 Shahidi wa Mwisho
Mji haupo, ila heroe wanaruka kutoka Nakuru kwenda Bogoria usiku mmoja. Wameshiba Nakuru, wamefia Bogoria.

#40 Mchimba Kokoto
Yaleyale ya bata wa Utah.

#41 Binti Maabara
Fungueni uzi wa heroe, huu umeshajaa. Mimi kesho zamu ya asubuhi.